Chuma Kimehifadhiwa, Jasho Je?

Kuhifadhi ni neno zito kuliko tunavyolitumia. Mtu aliyehifadhi Kurani hakuhifadhi karatasi wala jalada. Amehifadhi maneno, matamshi na vituo vya kisomo, hata msahafu ukiungua yeye anacho alichokihifadhi. Makumbusho nayo husema kwamba yanahifadhi. Lakini ukiingia katika makumbusho ya reli, mahali pengi duniani, utakuta kwamba kilichohifadhiwa zaidi ni jalada: injini kubwa zimesimama juu ya vipande vya reli visivyokwenda popote, zimepakwa rangi, zimewekewa namba. Swali langu katika kurasa hizi chache ni hili: kisomo chake kiko wapi?

Nitaliuliza swali hilo nikitazama mahali pamoja ninapopapenda, nayo ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, hatua chache kutoka stesheni kuu. Sikupachagua kwa sababu ni pabaya kuliko pengine. La hasha. Nimepachagua kwa sababu vitu vilivyomo ni vyetu, na anayekosoa cha kwake hukosoa kwa uchungu wa kweli.

Kwanza nitoe shukrani, maana mkosoaji asiyejua kushukuru ni mgomvi tu. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa bado likiendesha injini za mvuke kila siku. Fred Jordan, mwanzilishi na msimamizi wake wa kwanza, aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kwamba kitu cha kila siku ndicho kinachopotea upesi kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayekionea thamani. Injini ya mvuke ikishastaafu huwa ni chuma chakavu, na chuma chakavu kina bei sokoni. Kila siku inayopita bila mtu wa kuitetea, mwenye gesi ya kukatia vyuma anaisogelea.

Tazama hesabu hii. Katika miaka ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliunda injini 34 za aina ya 59 kwa ajili ya reli yetu. Zilikuwa za mtindo wa Garratt, uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Kwa lugha nyepesi, bwela, yaani lile pipa kubwa la kuchemshia maji, limebebwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu, kila seti na silinda zake. Kila seti hujipinda kivyake kwenye kona. Kwa hiyo injini nzito na ndefu sana iliweza kupita katika njia nyembamba yenye kona nyingi, na uzito wake ukatandazwa juu ya magurudumu mengi badala ya kuikandamiza reli mahali pamoja. Injini ya aina ya 59 ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na urefu wa karibu mita 32. Hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja, popote duniani, iliyopata kuzishinda hizi kwa nguvu. Zilivuta mizigo ya zaidi ya tani 1,000 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, kilomita takriban 530 za kupanda, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Katika injini 34 zimebaki mbili tu, namba 5918 na namba 5930, na zote mbili zimo Nairobi. Nyingine 32 hazipo. Asingekuwapo mtu wa kusema hizi zisikatwe, leo tungekuwa na picha tu.

Basi shukrani hiyo nimeitoa, na sitaitangua kwa haya nitakayosema sasa.

Anza na majina. Namba 5918 inaitwa Mount Gelai, na namba 5930 inaitwa Mount Shengena. Aina yote ya 59 ilipewa majina ya milima. Aina ya 29, zilizoundwa Glasgow, zilipewa majina ya makabila. Mojawapo, namba 2921, imo humo ikiitwa Masai of Kenya. Aina ya 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, kisha baadaye mabamba ya magavana hao yakang'olewa. Namba 6006, iliyomo pia humo, ilikuwa ya Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938.

Huhitaji kuwa mwanahistoria ili uyasome majina haya. Mlima hauwezi kugoma. Kabila, katika macho ya mkoloni, lilikuwa ni kitu cha mandhari kama mlima. Gavana ndiye mtu pekee aliyestahili kutajwa kwa jina lake la kibinadamu. Na mtu aliyeisugua bamba hiyo kila alfajiri mpaka ing'ae, huenda mwenyewe akiwa ni wa kabila lililoandikwa pale, hakuwa na mahali pa kuandikwa. Alikuwa na namba katika daftari la mishahara, na daftari lenyewe lilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini.

Kuna somo jingine katika majina hayo. Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron. Shengena ni kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare. Yote miwili iko Tanzania, na injini zenye majina hayo ziko Kenya. Mtoto wa shule akiuliza kwa nini, atakuwa ameuliza swali zuri kuliko maswali yote, kwa sababu jibu lake ni historia ya nyumba moja iliyovunjika. Reli ilikuwa moja, karakana zilikuwa za wote, na injini haikujua mpaka. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, mpaka huo haukufunguliwa hadi 1983, na mapatano ya kugawana mali yakatiwa saini Arusha mwaka 1984. Mount Gelai ni kama mtoto aliyebaki kwa mzazi mmoja baada ya talaka, na jina bado ni la upande wa pili. Leo, Jumuiya ikiwa imefufuliwa, ni kitu gani kingeweza kutufundisha vizuri zaidi kuliko injini hiyo? Lakini injini haisemi yenyewe. Lazima isemewe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lawama yangu kuu, nayo ni ya makumbusho ya reli kwa jumla, ya hapa kwetu na ya ng'ambo. Lugha ya mahali hapa ni lugha ya kiwanda: aina, namba, mwaka, uzito, mpangilio wa magurudumu, jina la aliyeunda. Bamba la Beyer Peacock limo ubavuni mwa injini, na linastahili kuwamo, kwani mafundi wa Manchester walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini injini iliundwa kwa miezi na ikafanya kazi kwa miaka. Miezi ya Manchester ina bamba. Miaka ya Voi, Mtito Andei na Makindu haina.

Wapo watakaonijibu kwamba makumbusho huonyesha vitu, na kwamba mfanyakazi hakuacha kitu. Nitawajibu kwa kuwaelekeza kwenye behewa moja lililomo humo humo Nairobi. Ni behewa namba 12 la ukaguzi, ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba usiku mmoja wa Juni 1900 katika stesheni ya Kima. Alikwenda kumwinda simba huyo, usingizi ukamshinda, simba akaingia. Ni kisa cha kusikitisha, na kila mgeni hutaka kuliona behewa hilo. Sina ugomvi na hilo. Kifo cha mtu mmoja, kikiwa na jina, mahali na kitu cha kugusa, humwingia msikilizaji moyoni.

Lakini weka kando yake hesabu nyingine. Kati ya 1896, ujenzi ulipoanza Mombasa, na Desemba 1901, reli ilipofika Ziwa Victoria, waliletwa wafanyakazi wa mkataba 31,983 kutoka India. Waliokufa ni 2,493. Njia yenyewe ilikuwa na urefu wa maili 582. Ukigawanya, unapata zaidi ya vifo vinne kwa kila maili moja, na hapo sijawagusa Waafrika waliokufa katika kazi hiyo, ambao hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Simba wamekula wachache. Waliobaki wameliwa na malaria, kuhara damu, vidonda na uchovu. Ryall ana behewa zima. Hao wengine wana tarakimu, na tarakimu haimfanyi mtoto wa shule asimame na kunyamaza.

Wala si kweli kwamba hawakuacha kitu. Wameacha nyundo, taa za ishara, bendera, vitambulisho, barua za kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Na wameacha maneno. Stesheni, gadi, reli, tikiti, bogi na mataruma, yale magogo na vyuma vinavyolalia reli: tunayatamka bila kufikiri, na kila moja limepita mdomoni mwa watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja bila kuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili cha bara kilisafiri kwa reli kama kilivyosafiri kwa misafara ya pwani kabla yake. Ningependa kuona ukuta mmoja wa maneno hayo, yameandikwa makubwa, na chini yake maelezo ya kila kazi kwa Kiswahili ambacho mwenye kazi alikitumia. Na karibu na ukuta huo, habari ya Januari 1947, wafanyakazi wa reli na bandari walipoungana na wenzao katika mgomo mkuu wa Mombasa na kuusimamisha mji. Injini iliyolala siku hiyo kwa kukosa mtu wa kuiwasha inatufundisha kuhusu reli kuliko injini iliyokimbia.

Nasema haya nikiwa na mtu mmoja kichwani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchochea moto katika miaka ya 1960. Jina hilo linapotosha, maana injini zetu za zama hizo zilikuwa zikichoma mafuta mazito, wala hakuwa akitupa makaa kwa sepetu. Kazi yake ilikuwa ya macho na masikio. Kulikuwa na bomba dogo la kioo lililoonyesha usawa wa maji ndani ya bwela. Maji yakipungua mpaka paa la tanuri likabaki wazi, chuma hulainika kwa joto, na bwela hupasuka na kuua. Sasa kumbuka kwamba injini inapanda na kushuka. Kwenye mwinuko maji huegemea upande mmoja, na kioo kinakuonyesha yasiyo kweli. Anayejua njia hujua pia ni mahali gani kioo husema uongo, na uongo wa kiasi gani. Kila baada ya muda ilibidi achukue mchanga na kuutia katika tanuri, ili uvutwe na upepo wa moshi na kukwangua masizi ndani ya mirija. Wingu jeusi lililotoka dohani hapo ndilo tulilolishangilia sisi watoto kando ya njia, tukidhani ni madaha ya injini. Kumbe ilikuwa ni mtu anafagia nyumba.

Haya hayamo katika bamba lolote. Ukiitazama Mount Gelai imesimama baridi, huwezi kuyakisia. Unaona ukubwa, unapiga picha, unakwenda zako.

Je, dawa ni kuziwasha tena? Hapa wapenzi wa reli hugawanyika pande mbili, na kila upande una haki yake. Wa kwanza husema injini iliyopoa ni maiti. Iwashe, watu wasikie pumzi yake. Wa pili husema kila safari huila injini. Utabadilisha mirija, kisha mabamba ya tanuri, kisha silinda, mpaka ubaki na jina la zamani juu ya chuma kipya. Uingereza wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Makumbusho ya Taifa ya Reli ya York yaliinunua Flying Scotsman, injini ya mwaka 1923, kwa pauni milioni 2.3 mwaka 2004. Ilirudi njiani mwaka 2016, baada ya matengenezo yaliyogharimu pauni milioni 4.2. Nchi yenye mafundi, viwanda na michango ya wapenzi wengi ilichukua miaka zaidi ya kumi kuiamsha injini moja.

Kwa hiyo siungi mkono ndoto ya kuziwasha zote. Mount Gelai yenyewe iliwahi kurudishwa kwenye mvuke baada ya kustaafu, na walioiona hawasahau, lakini tani 252 hazilishwi kwa shauku. Kabla ya moto kuna jambo la unyenyekevu zaidi, nalo ni paa. Injini nyingi za Nairobi zimekaa nje, juani na mvuani. Watu hudhani rangi inatosha. Haitoshi. Masizi ya mafuta mazito yana salfa. Yakibaki katika chumba cha moshi na kulowana, huwa asidi inayokula chuma kutoka ndani, huku nje rangi inang'aa. Maji hutuama chini ya vifuniko vya bwela, mahali jicho halifiki. Beringi zisipopata mafuta hushikana na kukwama. Vipande vya shaba huwatamanisha wezi. Kuhifadhi injini iliyopoa ni kazi ya kila wiki: kusafisha masizi, kuziba dohani mvua isiingie, kupaka grisi, kuisogeza hata kwa hatua mbili. Ni kazi isiyopigiwa makofi wala kukatiwa utepe, na ndiyo maana mara nyingi haitengewi fedha. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa injini ni zaidi ya hapo, kwa kuwa ukuta huu hauna tena mjenzi: karakana za Beyer Peacock zilifungwa mwaka 1966.

Baada ya paa, ningekubali injini moja ndogo iwashwe, tena si kwa ajili ya watalii. Iwashwe kwa ajili ya mafundi vijana. Mtu hujifunza kutengeneza bwela kwa kutengeneza bwela. Hakuna kitabu kitakachomfundisha mkono wake uzito wa nyundo juu ya ribiti. Makumbusho yenye moto mmoja hai huwa pia shule, na injini zilizopoa hunufaika, kwa sababu zinapata watu wanaozielewa. Tusisahau pia kwamba zamu ya dizeli imefika. Tangu reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, dizeli za njia ya mita moja zimeanza kuwa za jana. Leo zinaonekana mbovu na zisizo na haiba. Ndivyo zilivyoonekana injini za mvuke mwaka 1971.

Lakini paa linaweza kungoja bajeti ya mwaka ujao, hata kama halipaswi kungoja. Liko jambo lisiloweza. Mvuke ulikoma kwenye njia kuu za Kenya karibu na mwaka 1980. Kijana aliyeingia kazini mwaka 1975 akiwa na miaka 20, leo yuko katika umri wa miaka 70. Aliyemfundisha huyo hayupo tena, kama mjomba wangu asivyokuwapo. Wazee hao wako Makadara na Changamwe, wako Voi na Nakuru, wengine wamerudi vijijini kwao Uganda na Tanzania. Wanajua ni wapi kioo kilikuwa kikidanganya. Wanajua injini ipi ilikuwa mtiifu na ipi ilikuwa kaidi, ingawa zote zilitoka kiwanda kimoja. Wanajua nani alilazwa njaa, nani alipandishwa cheo kwa rangi yake, nani alikufa pale Mtito na akazikwa bila bamba.

Kuwafikia hakuhitaji pauni milioni. Simu ya mkononi inanasa sauti. Kinachohitajika ni kiti, kivuli cha Mount Gelai, chai, na kijana mwenye adabu wa kuuliza: shikamoo, mzee wangu. Hebu nieleze, hapa uliposimama, ulikuwa ukifanya nini?